Wasafiri wa Ulaya Barani Asia katika Zama za Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

1. Maandishi haya ni ya miaka gani hasa, na kwa nini yalianza wakati huo?

Ni ya kuanzia 1245 hadi katikati ya karne ya 15, na mengi yalitungwa katika miaka mia moja ya kwanza. Kabla ya hapo Wazungu waliandika sana kuhusu hija ya Yerusalemu, lakini habari za nchi zilizo mbali zaidi walizitoa katika vitabu vya kale vya Kirumi.

Waliofungua njia ni Wamongolia. Mwaka 1241 waliyashinda majeshi ya Poland na Hungaria, kisha wakaondoka ghafla. Ulaya ikabaki inajiuliza: watu hawa ni akina nani, wanataka nini, watarudi lini? Papa Innocent IV akatuma watawa kwenda kuuliza. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha aina hii, cha Giovanni da Pian del Carpine, kiliandikwa kama ripoti ya ujasusi. Kina sura nzima kuhusu silaha za Wamongolia na namna ya kupigana nao.

Njia ilianza kufungika katikati ya karne ya 14. Utawala wa Wamongolia huko Uajemi ulisambaratika baada ya 1335, tauni kuu ikapita, na mwaka 1368 nasaba ya Ming ikawaondoa Wamongolia China. Waliosafiri baada ya hapo waliishia Samarkand au katika nchi za Bahari ya Hindi.

2. Nianze kumsoma nani?

Anza na William wa Rubruck, mtawa Mfransisko kutoka Flanders. Wengi hukimbilia kwa Marco Polo kwa sababu ya jina, kisha wanachoka kabla ya kufika katikati. Kitabu cha Polo kimepangwa nchi kwa nchi, na mara nyingi sura hurudia maneno yale yale: watu wanaabudu sanamu, wanatumia pesa za karatasi, wako chini ya Khan Mkuu (mtawala wa Wamongolia wote). Rubruck anasimulia siku kwa siku. Utajua alikula nini, nani alimdanganya, kidole gani kiliganda kwa baridi. Aliondoka Constantinople Mei 1253, akafika kambi ya Möngke Khan tarehe 27 Desemba mwaka huo, na akarudi pwani ya Shamu Agosti 1255. Ripoti yake aliiandikia mfalme Louis IX wa Ufaransa.

Baada yake msome Carpine (safari ya 1245 hadi 1247), halafu Polo, halafu Odorico wa Pordenone, aliyepita India na Sumatra hadi China na kurejea Italia mwaka 1330. Mandeville mwache mwisho kabisa, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 12.

3. Je, waliandika wenyewe? Hizi ni shajara?

Si shajara, na wengi hawakushika kalamu. Rubruck na Carpine waliandika wenyewe kwa Kilatini. Polo, akiwa mfungwa wa vita huko Genoa mwaka 1298, alimsimulia mwenzake wa kifungoni, Rustichello wa Pisa, mtunzi wa hadithi za mashujaa, naye akaandika kwa Kifaransa chenye Kiitaliano kingi ndani yake. Odorico alisimulia kwa imla huko Padua Mei 1330 na akafariki Januari iliyofuata. Niccolò de' Conti wa Venice alihojiwa na Poggio Bracciolini, katibu wa Papa.

Jambo hili lina uzito katika usomaji. Ukikuta kwa Polo majeshi mawili yanakutana, ngoma zinapigwa, mishale inaijaza anga kama mvua, jua kwamba anayesema hapo ni Rustichello. Alikuwa na maneno yake ya vita tayari, na aliyatumia kwa kila vita. Ukikuta bei ya chumvi au idadi ya siku kati ya mji na mji, huyo ni mtoto wa mfanyabiashara wa Venice.

## Njiani

4. Safari ilichukua muda gani?

Ilitegemea kama mtu alitumia farasi wa serikali au mizigo ilimchelewesha. Carpine aliondoka kambi ya Batu, mkuu wa Wamongolia wa magharibi, kando ya Volga, tarehe 8 Aprili 1246 na kufika kambi ya Khan karibu na Karakorum, mji mkuu wa Wamongolia, tarehe 22 Julai. Ni siku 105 za kupanda farasi karibu bila kupumzika, na yeye alikuwa amepita miaka 60. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu vituo vya Wamongolia viliwapa farasi wapya mara kadhaa kwa siku, wakati mwingine mara saba. Ili mwili ustahimili, yeye na mwenzake Benedict wa Poland walijifunga miguu kwa vitambaa.

Mfanyabiashara alikwenda polepole zaidi. Francesco Pegolotti, karani wa benki ya Bardi ya Florence, aliandika mwongozo wa biashara miaka ya 1340 hivi, na ndani yake kuna ratiba ya kutoka Tana, mdomoni mwa mto Don, hadi China:

- Tana hadi Astrakhan: siku 25 kwa mkokoteni wa maksai, au 10 hadi 12 kwa wa farasi
- Astrakhan hadi Sarai: siku 1 kwa mto
- Sarai hadi Saraychik: siku 8 kwa maji
- Saraychik hadi Urgench: siku 20 kwa mkokoteni wa ngamia
- Urgench hadi Otrar: siku 35 hadi 40
- Otrar hadi Almaliq: siku 45 kwa punda wa mizigo
- Almaliq hadi Ganzhou: siku 70 kwa punda
- kutoka hapo hadi kwenye mto mkubwa: siku 45 kwa farasi, kisha mtu anateremka hadi Hangzhou
- Hangzhou hadi Beijing: siku 30

Jumla ni kama siku 280, bila siku za kupumzika wala za kusubiri. Pegolotti mwenyewe hakwenda. Alikusanya habari kwa waliokwenda, na ndiyo maana ratiba yake ni kavu na yenye manufaa.

5. Ni makosa gani yaliyowaharibia safari mara nyingi?

La kwanza ni usafiri usiofaa. Huko Sudak, pwani ya Krimea, wafanyabiashara walimshauri Rubruck achukue mikokoteni ya maksai, ili asilazimike kushusha na kupakia mizigo kila alipobadilisha farasi. Akafuata ushauri huo. Alitumia miezi miwili kufika kambi ya Sartaq, mwana wa Batu, mwendo ambao kwa farasi angeumaliza kwa mwezi mmoja, na mwenyewe anasema wazi kwamba ushauri ulikuwa mbaya.

La pili ni kwenda na wanyama wa kwao. Carpine alionywa huko Kiev awaache farasi wake. Wamongolia hawakuwa na nyasi kavu wala majani ya akiba. Farasi wao walijua kuichimba theluji kwa kwato na kula nyasi zilizo chini, lakini farasi wa Ulaya hakuijua kazi hiyo na angekufa kwa njaa.

La tatu ni chakula. Wakati wa Kwaresima Carpine na wenzake walikula ulezi uliochemshwa kwa maji na chumvi, basi, na walikunywa theluji iliyoyeyushwa katika sufuria. Pegolotti anashauri kubeba unga na samaki wa chumvi wa siku 25 kwa hatua ya kwanza. Nyama, anasema, inapatikana ya kutosha njia nzima.

La nne ni kusafiri wakati kiti cha utawala kiko wazi. Mwongozo wa Pegolotti unasema njia ni salama usiku na mchana, isipokuwa pale Khan anapofariki na mwingine bado hajatawazwa: hapo wageni huweza kudhulumiwa. Anaongeza onyo ambalo wengi hulipita: mfanyabiashara akifia njiani, mali yake yote huchukuliwa na mtawala wa nchi, ila kama yupo ndugu yake au mwenzake anayesema ni ndugu yake.

6. Waliongeaje na watu? Walijua lugha?

Wengi walitegemea wakalimani, na hapo ndipo ripoti nyingi zilipoharibika. Mkalimani wa Rubruck aliitwa Homo Dei, maana yake "Mtu wa Mungu". Rubruck alipoanza kushika maneno ya lugha ile aligundua kwamba yeye akisema hili, mkalimani anasema jingine kabisa, lolote lililomjia mdomoni. Akaamua kunyamaza asimhubirie mtu. Siku ya kuonana na Möngke mambo yalizidi. Mkalimani alisimama karibu na wagawa vinywaji, wakampa pombe ya mchele, na baada ya muda mfupi alikuwa amelewa. Kwa hiyo mazungumzo na mtawala mwenye nguvu kuliko wote duniani yalikatika katikati.

Pegolotti analijua tatizo hili na dawa yake ni ya kibiashara: usijaribu kuokoa pesa kwa kuchukua mkalimani duni, maana mshahara wa ziada wa yule mzuri ni mdogo kuliko hasara atakayokuepusha. Juu yake chukua angalau watumishi wawili wanaojua vizuri lugha ya Wakuman, iliyokuwa lugha ya soko katika nyika zote za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Na fuga ndevu ndefu.

Hata kamusi ilikuwapo. Muswada uitwao Codex Cumanicus, ambao sehemu yake ina tarehe ya 1303 na ambao sasa uko Venice, una safu tatu: Kilatini, Kiajemi na Kikuman. Kiajemi ndicho kilichomvusha mtu mbali zaidi. Majina mengi ya Polo kule China ni ya Kiajemi kwa umbo; kwa mfano daraja la karibu na Beijing analiita Pulisanghin, na "pul" kwa Kiajemi ni daraja.

7. Gharama zilikuwaje, na pesa walibebaje?

Walibeba vitambaa vya kitani, au fedha iliyoyeyushwa katika vipande viitwavyo sommo. Pegolotti anahesabu sommo moja kuwa florini 5 za dhahabu. Mfanyabiashara mwenye mkalimani, watumishi wawili na mali ya florini 25,000 angetumia sommo 60 hadi 80 kufika Beijing, yaani florini 300 hadi 400. Ni chini ya asilimia 2 ya mtaji, na hesabu hiyo inaeleza mara moja kwa nini watu walikubali kutembea miezi tisa.

Akifika China aliitoa fedha yake na kupewa pesa za karatasi za rangi ya manjano, zenye mhuri wa mtawala. Rubruck ndiye aliyewaeleza Wazungu habari za karatasi hizo mapema. Polo anaeleza utengenezaji wake: ganda la ndani la mforsadi hupondwa kuwa karatasi, hukatwa vipande vya ukubwa tofauti, hupigwa mhuri mwekundu, na mwenye kughushi huuawa. Noti iliyochakaa hubadilishwa kwa makato ya asilimia 3.

8. Kumisi ni nini, na kwa nini kila mmoja anaitaja?

Ni maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa. Wakati wa kiangazi yalikuwa chakula kikuu cha nyika. Mgeni alipokaribishwa hemani alipewa hayo, na kuyakataa kulikuwa aibu. Wakristo wa mashariki waliokuwa huko waliyaona ni haramu kwao. Rubruck alipoyaonja mara ya kwanza alitokwa jasho kwa hofu, kisha akayaona matamu.

Maelezo yake ni ya kufuatwa hatua kwa hatua. Kamba ndefu inatandazwa chini na kufungwa kwenye vigingi viwili, na watoto wa farasi wanafungwa hapo. Mama zao wanasimama karibu nao na kukubali kukamuliwa. Mmoja akikataa, mtoto analetwa anyonye kidogo, kisha anaondolewa. Maziwa yakishakuwa mengi yanamiminwa katika kiriba kikubwa na kupigwa kwa mti ambao chini yake ni mnene kama kichwa cha mtu, nao umechongwa uwazi ndani. Yakipigwa kwa nguvu yanaanza kutoa mapovu kama divai mpya na kuchachuka. Yanaendelea kupigwa mpaka siagi itoke, kisha yanaonjwa. Yakiwa makali kiasi yako tayari. Yanachoma ulimi wakati wa kunywa, lakini yakishapita yanaacha ladha ya maziwa ya lozi. Aliyekulia kwenye maziwa mgando au mursik hatapata taabu kumwelewa mtawa huyu.

9. Karakorum ulikuwa mji mkubwa?

Hapana. Rubruck anasema ukiitoa kasri ya Khan, mji wenyewe haukufikia kijiji cha Saint-Denis, nje ya Paris. Alihesabu mahekalu 12, misikiti 2 na kanisa 1, na malango manne yenye masoko: mashariki nafaka, magharibi kondoo na mbuzi, kusini ng'ombe na mikokoteni, kaskazini farasi.

Ajabu yake kubwa ilikuwa mti wa fedha uliotengenezwa na Guillaume Boucher, sonara wa Paris aliyetekwa Hungaria. Vinywaji vinne tofauti vilitoka katika matawi yake, na juu kulikuwa na malaika mwenye tarumbeta. Boucher aliweka mivukuto ya kuipuliza tarumbeta, lakini upepo haukutosha. Basi akachimba chumba chini ya mti na kumficha mtu humo, awe anapuliza kila kinywaji kinapohitajika.

## Kweli na uongo

10. Marco Polo alifika China kweli?

Ndiyo. Shaka imerudiwa mara nyingi, hasa tangu kilipotoka kitabu cha Frances Wood mwaka 1995, lakini ushahidi unaelemea upande wa pili.

Ushahidi mzito ni wa majina matatu. Polo anasema waliondoka China kwa bahari pamoja na wajumbe wa Arghun, mtawala wa Uajemi, waliokuja kumchukua binti wa kifalme Kököchin, nao waliitwa Oulatai, Apusca na Coja. Mwaka 1941 mwanahistoria Yang Zhijiu alichapisha amri ya serikali ya mwaka 1290, iliyohifadhiwa katika ensaiklopidia kuu ya enzi ya Yongle, mfalme wa nasaba ya Ming, inayotaja posho za msafara huo. Majina ya wajumbe ni yale yale matatu. Amri hiyo haimtaji Polo wala binti, na hakuna kitabu cha Ulaya cha wakati wake ambacho angeweza kunakili habari hiyo.

Ushahidi wa pili ni wa chumvi na pesa. Mwaka 2013 Hans Ulrich Vogel alilinganisha maelezo ya Polo na kumbukumbu za Kichina kuhusu utengenezaji wa chumvi, kodi zake, noti za karatasi na sehemu zilikotumika kauri kama pesa. Yanalingana kwa undani ambao mtu aliyekaa Constantinople akisikiliza hadithi hawezi kuufikia.

Mbona basi hataji chai, Ukuta Mkuu, wala miguu ya wanawake iliyofungwa? Ukuta wa mawe na matofali tunaouona kwenye picha ulijengwa na Ming, baada ya Polo kufa. Kuhusu miguu na chai, Polo aliishi na Wamongolia na watumishi wao wa kigeni, na wanawake wa Kimongolia hawakufunga miguu. Odorico ndiye aliyeitaja desturi hiyo, pamoja na kucha ndefu za matajiri na ndege mnandi aliyefugwa kuvua samaki. Kukaa kimya kuhusu jambo si ushahidi wa kutokuwapo: wapo wasafiri wengine waliofika bila shaka yoyote na hawakuyataja mambo hayo.

11. Ni wapi Polo alipotia chumvi?

Katika kuzingirwa kwa Xiangyang. Kitabu kinadai kwamba akina Polo ndio waliojenga mitambo ya kurusha mawe iliyouangusha mji huo. Xiangyang uliangukia mikononi mwa Wamongolia mwaka 1273, wakati Marco bado yuko njiani, na vyanzo vya Asia vinawapa sifa mafundi Waislamu kutoka magharibi. Dai la kwamba alitawala Yangzhou nalo halina nguvu, kwa kuwa orodha za maofisa wa mji huo hazina jina lake.

Mambo mengine yanayodhaniwa ni uongo ni macho ya mtu asiye na neno la kutumia. Yule "mnyama mwenye pembe moja" wa Sumatra, mwenye nywele za nyati na miguu ya tembo, apendaye kugaagaa matopeni, ni kifaru. Polo mwenyewe anawaambia wasomaji kwamba hafanani hata kidogo na yule wanayemchora Ulaya.

12. Mandeville alikuwa nani?

Ni jina lililo juu ya kitabu cha miaka ya 1350, kilichoandikwa kwa Kifaransa, ambacho mwandishi wake anadai ni mwanajeshi wa St Albans aliyeondoka Uingereza mwaka 1322. Sehemu ya Asia imeokotwa kutoka kwa Odorico karibu sura kwa sura, na sehemu ya Nchi Takatifu kutoka kwa William wa Boldensele. Hata hivyo kilinakiliwa sana kuliko Polo, kwa sababu kinasomeka vizuri na kimejaa maajabu. Kitumie kujua Ulaya ilitaka kusikia nini. Usikitumie kujua Asia ilikuwaje.

13. Waliamini habari za watu wenye vichwa vya mbwa?

Carpine alizisikia na kuziandika. Rubruck alifanya jambo la maana zaidi: aliuliza. Vitabu vya Solinus na Isidore wa Seville vilisema viumbe hao wanaishi mashariki, naye akawauliza watu wa mashariki wenyewe. Wakamjibu hawajawahi kuwaona. Anaandika kwamba jambo hilo lilimfanya ashuku kama habari hizo ni za kweli. Vivyo hivyo alisahihisha ramani: Isidore alisema Bahari ya Kaspi ni ghuba ya bahari kuu, na Rubruck, aliyepita upande mmoja wakati wa kwenda na mwingine wakati wa kurudi, akasema imezungukwa na nchi kavu pande zote.

Kasisi Yohane, mfalme Mkristo tajiri wa mashariki aliyesifiwa na barua ya kughushi ya karne ya 12, alikuwa na hatima tofauti. Kila walipomtafuta Asia hawakumwona, basi wakamhamisha. Jordanus Catalani, aliyefanywa askofu wa Kollam, India, mwaka 1329, alimweka Uhabeshi, na huko ndiko Wareno walikomtafuta baadaye.

## Pwani yetu katika vitabu hivi

14. Polo alifika Zanzibar na Madagaska?

Hakufika, na hizi ni sura nzuri za kujifunzia tofauti ya kuona na kusikia.

"Zanghibar" yake ni kisiwa chenye mzingo wa maili 2,000, chenye watu wakubwa kama majitu, ambapo mtu mmoja hubeba mzigo wa watu wanne. Unguja haikaribii ukubwa huo. Jina hilo, kwa mabaharia Waarabu na Waajemi, lilikuwa la pwani nzima ya Zanj, na Polo aliyelisikia baharini akalidhania la kisiwa. Lakini ndani ya uvumi huo kuna vitu vya kweli: biashara ya pembe za ndovu, twiga mwenye shingo ndefu na nyuma fupi, na kondoo weupe wenye vichwa vyeusi. Kondoo hao wapo hadi leo. Wanafugwa na Wasomali na wafugaji wa kaskazini mwa Kenya.

"Madagaska" ni mchanganyiko zaidi. Anasema watu wake ni Waislamu, wanatawaliwa na masheikh wanne, wanakula nyama ya ngamia na kuuza pembe za ndovu. Bukini, yaani Madagaska yenyewe, haina tembo wala ngamia. Maelezo hayo yanaifaa Mogadishu, na majina hayo mawili yaligongana masikioni mwake au kalamuni mwa Rustichello. Hata hivyo anajua kwamba mkondo wa bahari unaovuta kusini ni mkali kiasi kwamba meli zinazopita hapo zinashindwa kurudi. Nahodha yeyote wa Mlango wa Msumbiji anaujua mkondo huo.

15. Ibn Battuta anahesabiwa katika kundi hili?

Hapana, kwa kuwa ni Mwislamu wa Moroko, si mtu wa Ulaya. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili kumweka kando yao ni lazima. Alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa yeye mwenyewe mwaka 1331 na anaeleza alichokiona: chakula, ibada, ujenzi, ukarimu wa sultani. Naye pia alisimulia kwa imla, kwa Ibn Juzayy huko Fez, na kazi ikamalizika mwaka 1355. Kwa hiyo tahadhari ya swali la 3 inamhusu vilevile. Tofauti kubwa ni lugha na dini. Yeye alisafiri ndani ya ulimwengu uliomwelewa, wenye makadhi na misikiti kila bandari.

## Kusoma na kulinganisha

16. Kwa nini tafsiri mbili za Polo hazifanani?

Kwa sababu hakuna nakala ya asili. Ipo miswada zaidi ya 140, na tafsiri yako inategemea imetoka katika mstari upi:

- Muswada wa Kifaransa-Kiitaliano ulioko Paris ndio unaokaribia zaidi alichoandika Rustichello.
- Tafsiri ya Kilatini ya mtawa Francesco Pipino, ya mwanzoni mwa karne ya 14, iliwafikia wasomi wengi. Columbus alikuwa na chapa yake na akaandika pembeni mwa kurasa. Pipino alikuwa Mdominiko na aliongeza ukali kila dini nyingine ilipotajwa.
- Chapa ya Kiitaliano ya mhariri Ramusio, ya 1559, ina vipande visivyopatikana penginepo.
- Muswada wa Kilatini wa Toledo, uliojulikana katika karne ya 20, ulithibitisha baadhi ya vipande hivyo.

Kabla ya kunukuu, soma utangulizi wa mfasiri uone ametumia upi. Asiposema, tafuta tafsiri nyingine. Carpine naye alipata taabu ya aina hii akiwa hai: analalamika kwamba watu wa Poland, Bohemia na Ujerumani alikopita waliinakili ripoti yake kabla hajaimaliza, ndiyo maana kuna matoleo mawili, fupi na refu.

17. Nitatambuaje miji kwa majina yale ya zamani?

Yanayorudi sana ni haya: Cambaluc ni Beijing, Quinsai ni Hangzhou, Zaiton ni Quanzhou, Tauris ni Tabriz, Cormos ni Hormuz. Catai ni China ya kaskazini, Manzi ni ya kusini, Cipangu ni Japani.

Jihadhari na Tana. Ipo ya mdomoni mwa Don, iliyotajwa katika swali la 4, na ipo Thana karibu na Mumbai, walikouawa Wafransisko wanne mwaka 1321 na ambako Odorico aliichukua mifupa yao akaipeleka hadi Zaiton. Wasomaji huzichanganya na kumfanya mtu aruke kutoka Bahari Nyeusi hadi India kwa siku moja. Wala hakuna hata moja inayohusiana na mto wetu wa Tana.

18. Kuna chochote kutoka upande wa pili, cha Waasia wenyewe?

Kipo, na kisomwe sambamba. Jibu la Güyük Khan kwa Papa, alilobeba Carpine mwaka 1246, lilipatikana mwaka 1920 katika hifadhi ya Vatikani. Limeandikwa kwa Kiajemi na lina mhuri wa Kimongolia. Linamwagiza Papa aje yeye mwenyewe, pamoja na wafalme wake, kutoa utii.

Rabban Bar Sauma, mtawa Mkristo aliyezaliwa eneo la Beijing, alifanya safari ya kinyume. Mwaka 1287 aliona mlima Etna ukilipuka, akakuta Papa amefariki na mwingine hajachaguliwa, akapokewa na mfalme wa Ufaransa Paris na mfalme wa Uingereza Bordeaux. Maandishi yake ya Kiajemi yamepotea. Tulicho nacho ni muhtasari wa Kisiria.

19. Nikitin na Conti wanahesabiwa?

Ndiyo, wakiwa pembezoni. Conti aliishi Asia miaka 25 hivi kabla ya kurudi Venice. Alikuwa amesilimu njiani kuokoa familia yake, na habari zake zina ramani bora ya biashara ya viungo kuliko za waliomtangulia.

Afanasy Nikitin wa Tver, Urusi, alifika Bidar nchini India miaka ya 1470 na farasi mmoja wa kuuza. Aliandika kwa Kirusi, lakini anapotaja bei, wanawake au sala huingia katika mchanganyiko wa Kituruki, Kiajemi na Kiarabu. Kitabu chake kinaishia kwa dua iliyojaa Kiarabu. Tafsiri inayozigeuza sehemu hizo bila kumwonyesha msomaji zilikoanzia inampunguzia jambo kubwa.

20. Wanawake wako wapi katika maandishi haya?

Wapo, katika sentensi fupi fupi. Rubruck anamtaja Pascha wa Metz, aliyetekwa Hungaria, akaolewa na kijana Mrusi fundi wa nyumba na kupata watoto watatu. Yeye ndiye aliyewaandalia watawa chakula na kuwapa habari za Boucher (swali la 9). Kököchin wa swali la 10 alivuka bahari hadi Uajemi, akakuta Arghun amefariki, akaolewa na mwanawe Ghazan.

Mwingine hayumo katika kitabu chochote. Mwaka 1951, kuta za zamani za Yangzhou zilipobomolewa, lilipatikana jiwe la kaburi lenye maandishi ya Kilatini na michoro ya mateso ya Mtakatifu Katerina, iliyochongwa kwa mkono uliozoea sanaa ya Kichina. Linasema hapa amelala Katerina, binti wa Domenico Yilioni, aliyefariki Juni 1342. Jiwe la kaka yake Antonio ni la miaka miwili baadaye.